Mfungo wa Mboga

Stima ilipotea saa mbili asubuhi, siku ya kumi na saba ya mfungo. Feni ilijizungusha kivivu mara mbili tatu, ikasimama. Munga, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za viatu, aliinua kichwa kumsikiliza mkewe, na hakumsikia.

Kahaso alikuwapo. Alikuwa nyuma yake pale pale, ameegemea mito mitatu, macho wazi, anapumua. Lakini Munga hakuwa akitafuta pumzi. Alikuwa akitafuta mlio.

Miaka miwili iliyopita madaktari wa Nairobi walimpasua Kahaso kifua. Waliitoa valvu moja ya moyo iliyoharibiwa na ugonjwa wa tangu utotoni, ule unaoanza na koo kuuma na wazazi wakadhani ni mafua tu, wakamtilia nyingine ya chuma, ukubwa wake kama kifuniko cha soda. Valvu ile ilikuwa na sauti. Tik, tik, tik, kila moyo ulipopiga. Kanisani, wakati wa sala ya kimya, watoto waligeuka kutafuta nani amevaa saa kubwa namna ile. Miezi ya kwanza mlio huo ulimnyima Munga usingizi, akaapa kwamba atahamia sebuleni. Baadaye akawa hapati usingizi pasipo na huo mlio.

Na Munga hakuwa mtu wa kupuuza milio. Kazi yake ilikuwa pampu za visima. Kuanzia Mjambere hadi hoteli za Shanzu, ambako maji ya mfereji ni ya kubahatisha, watu walimwita yeye, naye hakufungua pampu hata moja kabla ya kuitegea sikio. Alijua jambo ambalo wenye nyumba hawakulijua: valvu ikianza kushikwa na uchafu, mlio ndio unaobadilika kwanza. Maji hupungua baadaye. Kufikia siku mwenye nyumba anapiga simu kulia kwamba maji hayapandi, valvu imekuwa ikilalamika wiki nzima, ila hapakuwa na mtu wa kuisikia.

Wiki nzima feni yao ilikuwa imewaka. Joto la Machi lilikuwa la kukaanga watu, hawakuizima usiku wala mchana, na mngurumo wake ulifunika kila mlio mdogo.

"Mama Velma," akaita polepole. "Hebu nikusikilize kifua."

"Asubuhi yote hii?" Kahaso akatabasamu, na hata kutabasamu kulionekana kumchosha.

Munga akaweka sikio. Moyo ulikuwa ukipiga, tena mbio. Lakini ile tik haikuwapo. Mahali pake palikuwa na kishindo kidogo, kizito, kama cha mtu anayebisha hodi huku amejifunga kitambaa mkononi.

"Unasikia nini?" Kahaso akauliza.

"Naisikia tu," Munga akasema. Hakuthubutu kumwambia kwamba tik haikuwapo.

Ule uliitwa mfungo wa mboga. Kila mwaka waumini wa kanisa lao dogo la Mto wa Neema, pale Mjambere, walijinyima nyama, samaki, mayai, sima na sukari kwa siku ishirini na moja, wakala mboga na kunywa maji. Mchungaji Nicanor hakuwa mtu wa kupotosha watu. Alisimama akasema waziwazi: wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha wasifunge, na mwenye dawa asiache dawa yake. Kahaso hakuacha dawa. Chuma kikikaa ndani ya moyo, damu hutaka kugandia juu yake, kwa hiyo kila jioni saa moja alimeza kidonge cha kuizuia, Munga akiwa amemsimamia kama askari jela. Wala hakujihesabu mgonjwa. Mgonjwa alikuwa yule Kahaso wa zamani, aliyekuwa akitoka kisimani hadi mlangoni anapumzika mara tatu njiani. Huyu wa sasa alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba atafunga siku zote, bila kukosa hata moja, kumshukuru Mungu kwa miaka miwili ya pumzi. Wanawake wakapiga vigelegele. Munga akapiga makofi mpaka viganja vikamuwasha.

Tena mboga! Nani amewahi kudhuriwa na mboga? Pwani nzima inajua kwamba mboga huongeza damu. Mzazi aliyejifungua akitoka hospitali hupelekewa mchicha, mtoto akipauka hupikiwa mchicha. Munga mwenyewe alikuwa na matuta manne nyuma ya nyumba, na msimu huo aliyavuna kwa fahari. Asubuhi mchicha, mchana matembele na kunde, jioni sukuma na mchunga, sinia zima kila mara kwa kuwa hapakuwa na sima ya kushibisha. Kahaso, ambaye siku za kawaida alidonoa majani mawili matatu pembeni mwa samaki, sasa alikuwa akila kijani kitupu kama mbuzi wa kwao Kaloleni. Walilicheka sana jambo hilo, wote wawili.

Kulikuwa na jambo moja lisilochekesha, na Munga alikuwa amelifukia chini kabisa ya roho yake. Siku ya tisa ya mfungo ilikuwa siku ya kliniki ya moyo, ambako Kahaso hupimwa damu kuona kama kidonge kinafanya kazi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, hoteli moja ya Shanzu ikampigia: pampu mbili zimekufa, wageni wanaoga kwa maji ya chupa. Wa kumsindikiza Kahaso kliniki alikuwa yeye, na Munga alikuwa ameapa tangu upasuaji kwamba hatamwacha aende peke yake. Basi akamwambia, "Wametuma ujumbe. Wamesogeza hadi baada ya mfungo." Hawakuwa wametuma ujumbe wowote. Ulikuwa uongo mdogo, wa kujiondolea aibu ya kuvunja kiapo, akaenda zake kazini akipiga mluzi.

Sasa aliinuka kitandani, akafungua mkebe wa dawa, akahesabu vidonge. Akahesabu tena. Vilikuwa sawasawa, hakikukosekana hata kimoja, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Angekuta kosa angalau angejua pa kushika.

"Tangu lini unalalia mito mitatu?" akauliza.

"Tangu Jumanne. Nikilala chali naona kama mtu amenikalia kifuani."

"Na hukuniambia!"

"Ungeniambia nifungue." Alivuta pumzi katikati ya sentensi, kama anayepanda ngazi. "Zimebaki siku nne, baba Velma. Usinivunjie nadhiri yangu kwa sababu ya woga wako."

Munga hakubishana naye. Alitoka nje, akasimama kando ya matuta yake ya mchicha, akampigia Sista Rispa, muuguzi wa kliniki ya moyo. Alikosea namba mara mbili.

"Sista, valvu imebadilika mlio," akasema, hata salamu hakutoa.

Rispa hakumcheka. "Imebadilikaje?"

"Imefifia. Imekuwa butu. Naye hapumui vizuri."

"Amekosa dawa?"

"Hata siku moja. Nimehesabu."

"Ana homa? Amekunywa dawa ya miti? Dawa yoyote ya dukani?"

"Hapana. Hajala kitu kibaya chochote, sista. Tena tuko kwenye mfungo, ni mboga tu na maji."

Simu ilinyamaza. Munga alidhani salio limeisha.

"Mboga gani, Munga?"

Akazitaja. Mwanzoni alizitaja kwa haraka, na kadiri alivyoendelea sauti ikazidi kupungua, maana kila aliyoitaja ilikuwa imesimama pale mbele yake, mbichi, imenawiri, na kule upande wa pili mtu alikuwa akivuta pumzi kwa meno.

"Kwa siku ngapi?"

"Kumi na saba."

"Mlete," Rispa akasema. "Si kesho, si baada ya chai. Mlete sasa hivi."

"Nimwongeze kidonge kwanza? Nimpe viwili?"

"Usithubutu! Usimpe hata nusu. Mpandishe gari uje."

Tuktuk ilipatikana upesi, lakini kufika upesi lilikuwa jambo jingine. Magari yalikuwa yamefungana kuanzia mbele ya daraja la Nyali, na dereva alijipenyeza akitukanwa kulia na kushoto. Kahaso alikuwa amekaa wima, mikono imeshika chuma cha mbele. Hakuweza kuegemea. Midomo yake ilikuwa imeanza kupoteza rangi, na Munga alijilazimisha kutazama pengine, kisha akashindwa, akaitazama tena.

"Naogopa," Kahaso akasema.

Katika miaka kumi na sita ya ndoa yao hakuwahi kulitamka neno hilo, si siku ya kujifungua, si siku ya kusukumwa kuingia chumba cha upasuaji akiwaimbia wauguzi. Munga alitaka kumwambia usiogope, akaona angekuwa anamdanganya mara ya tatu. Alimshika kiwiko tu. Mioyoni mwao kila mmoja alikuwa akiomba, na ombi la Munga lilikuwa fupi na halikuwa na adabu: Mulungu, usinichukulie huyu. Nichukulie chochote kingine, lakini si huyu.

Hospitalini hawakupanga foleni. Rispa alikuwa mlangoni na kiti cha magurudumu, na alipomwona Kahaso akaacha hata kusalimia. Walimvuta damu, wakampitisha kwenye picha ya moyo, na nusu saa baadaye daktari wa moyo, Daktari Nduku, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, akawaketia pembeni mwa kitanda. Akasema nao wote wawili, hakumvuta Munga kando.

"Hiyo valvu ina mabawa mawili yanayofunguka na kufunga," akasema. "Moja limeshikwa na bonge la damu, halisogei. La pili linafanya kazi peke yake."

"Lakini anameza dawa!" Munga akasema. "Mimi mwenyewe namsimamia!"

"Najua. Tatizo si dawa, ni chakula. Mmewahi kusikia vitamini K?"

Hawakuwa wamesikia. Walijua A ya macho na C ya machungwa.

"Kila mmoja wetu anayo. Ini huitumia kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Ukijikata na kisu jikoni, hiyo ndiyo inayokufanya usivuje mpaka ufe. Watoto wachanga huzaliwa nayo kidogo mno, ndiyo maana tunawadunga sindano yake siku ile ile. Kwa hiyo ni kitu kizuri, sitaki muichukie. Ila kidonge cha mama hapa kinafanya kazi kwa kuibana vitamini hiyo. Tulikipima kulingana na chakula chake cha kila siku. Na inakaa wapi kwa wingi? Kwenye majani ya kijani. Mchicha, sukuma, kunde, matembele."

Kahaso alifumba macho.

"Jioni alikuwa akimeza dawa," daktari akaendelea, taratibu, "na asubuhi, mchana na jioni akila cha kuivunja nguvu. Damu yake leo ni kama ya mtu asiyemeza kitu."

Munga alikumbuka masinia. Aliyakumbuka moja moja, jinsi alivyokuwa akimsukumia mkewe: ongeza, mama Velma, usije ukaishiwa nguvu. Akashika ukingo wa kitanda.

Daktari akaeleza kilichobaki. Upasuaji ungefanyika Nairobi, na kwa hali ile hakuwa tayari kumsafirisha. Kulikuwa na dawa ya kuyeyusha bonge, ya kupitishwa mshipani polepole kwa saa sita. Ingeweza kumwokoa. Ingeweza pia kumvujisha damu kichwani, au kipande cha bonge kingeweza kubanduka na kwenda kuziba mshipa wa ubongo.

"Na tusipoitumia?" Munga akauliza.

"Bawa la pili likishikwa, hatutapata hata nafasi ya kukaa hivi tukazungumza."

Rispa alikuwa amesimama nyuma na faili. Akasema bila ubaya wowote, kama mtu anayesikitika, "Laiti mngekuja siku ile ya kliniki, tungeiona mapema. Niliwangoja mpaka saa nane."

Kahaso akafumbua macho. Hakumtazama Rispa. Alimtazama mumewe.

"Si walisogeza?"

Munga angeweza kusema ujumbe ulikosewa. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Lakini mwanamke yule alikuwa akivuta hewa kama aliyetoka kuzama, na pengine maneno yale yangekuwa ya mwisho baina yao.

"Hawakusogeza," akasema. "Niliitwa Shanzu. Nilikudanganya."

Mashine pembeni ya kitanda ilihesabu mapigo. Kahaso alimtazama kwa muda mrefu, bila ukali, na Munga angependelea ukali.

"Ungeniambia tu una kazi," akasema. "Ningeenda mwenyewe. Ningepanda tuktuk nikaenda."

Karatasi ya idhini ilipoletwa Munga akanyoosha mkono kuipokea. Kahaso akaiwahi. "Hapana," akasema. "Damu ni yangu." Akatia sahihi, herufi zikipanda na kushuka, kisha akarudisha kalamu na kufumba macho tena.

Dawa ilianza kudondoka saa sita mchana. Munga aliwekewa kiti. Alikaa akitazama matone. Tone likianguka alifikiri linayeyusha, na la pili likianguka alifikiri linapasua mshipa kichwani, na hakujua aombe yaanguke upesi au polepole. Saa tisa Mchungaji Nicanor alifika mbio, shati limelowa jasho. Alipoelezwa alikaa chini sakafuni, mtu mzima wa mvi, akajishika kichwa.

"Nilisema wagonjwa wasifunge," akarudia. "Nilisema dawa zisiachwe. Lakini mboga, Munga? Mboga nani angejua?"

Munga hakuwa na hasira naye. Hasira yake yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Aliona tu kwamba midomo ya Kahaso ilikuwa na mstari mwekundu, akainuka ghafla kiti kikaanguka. Ufizi ulikuwa ukivuja. Muuguzi akaja, akamfuta, akamwangalia mboni za macho kwa kurunzi, akamwambia Munga asimame mbali. Dakika kumi baadaye ilikuwa pua. Walimbana pua kwa pamba na dawa ikaendelea kudondoka.

Saa kumi na moja, saa moja kabla ya dawa kwisha, Kahaso akasema, "Baba Velma, nipe mkono wangu."

"Mkono upi?"

"Huu. Nani ameuchukua?"

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya shuka, pale pale, na Munga alikuwa ameushika. Aliubinya. Kahaso hakutikisika. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeteremka kidogo, kidogo sana, na Munga akapiga ukelele ambao hakuutambua kuwa ni wake.

Walikuja wengi kwa mara moja. Mpira wa dawa ukafungwa, kitanda kikafunguliwa breki, wakamkimbiza kwenye picha ya kichwa, naye akakimbia nyuma mpaka mlango ukafungwa usoni pake. Alisimama mbele ya mlango ule. Kichwani mwake hapakuwa na sala tena. Aliwaza jinsi ya kumwambia Velma, binti yao aliye shule ya bweni, akaona hajui maneno hayo huanzaje. Aliwaza pampu zile mbili za Shanzu, ambazo hata hazikuwa na hitilafu kubwa, waya tu ulikuwa umeliwa na panya, kazi ya nusu saa. Angeweza kuifanya baada ya kliniki. Akachutama ukutani.

Daktari Nduku alipotoka alichutama naye, jambo ambalo Munga hakulitarajia.

"Hakuna damu kichwani," akasema. "Kipande kidogo kilibanduka kikagusa mshipa mdogo. Mdomo umeanza kurudi tayari. Mkono tutauona. Nimetazama valvu, Munga. Mabawa yote mawili yanafunguka."

Walipomruhusu kuingia aliusikia kabla hajafika kitandani, tik, tik, tik, mkavu na wa haraka, na akalia mbele ya wauguzi bila kujificha. Mdomo wa Kahaso ulirudi siku ile ile. Mkono ulirudi baada ya siku tatu, isipokuwa vidole viwili vya mwisho, cha pete na kidogo. Hivyo havikurudi.

Alikaa wodini siku kumi na mbili, mpaka damu yake ilipofika mahali pake. Katika siku hizo, asubuhi moja, Munga alirudi nyumbani, akachukua jembe, akang'oa majani ya matuta yote manne. Aling'oa mpaka mizizi, akayarundika, akayatia moto yakiwa bado mabichi, moshi ukawachoma macho majirani, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kahaso aliporudi alilitazama shamba lililo uchi, akaingia ndani. Alikuwa bado hajamsemesha sana. Si kwamba alinuna. Alikuwa akimjibu, akimshukuru kwa chai, akimwita baba Velma. Lakini kila Munga alipomwambia jambo, hata kwamba mvua inakuja, alitulia kidogo kwanza, kama anayelipima, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu.

Munga alimpikia yeye mwenyewe. Sima na samaki. Wali na maharagwe. Sima na samaki tena. Siku ya sita, Kahaso alikuwa akipiga mswaki uani, akatema, na povu lilikuwa jekundu. Akalitazama, akamwita mumewe, akamwonyesha.

"Daktari alisema nini kuhusu mboga?" Kahaso akauliza. "Siku ile ya kutoka, mlipokuwa mmesimama naye mlangoni. Niambie yote."

Munga akasema, "Alisema usizidishe."

"Yote, baba Velma."

"Alisema kiganja kimoja. Kiganja kimoja cha mboga iliyopikwa, kila siku, kisizidi, kisipungue. Alisema ukiacha kabisa dawa itakuzidi nguvu, utavuja." Akainamisha kichwa. "Nilisikia. Sikuweza. Kila nikilishika jani naona mdomo wako ukiteremka."

Safari hii Kahaso hakutulia kupima. Alimwambia ampigie Sista Rispa. Rispa akasema waje kesho asubuhi apimwe damu, wakiona damu inavuja zaidi ya pale wasingoje asubuhi, na leo hii ale mboga yake, kiganja kimoja kama alivyoambiwa.

Ndipo Munga, mkulima wa matuta manne, akatoka kwenda kwa jirani kuomba mchicha. Jirani alitaka kumpa fungu zima. Alikataa, akahesabu majani, akarudi ameyashika kwa vidole viwili mbali na mwili wake. Aliyachemsha. Aliyapakua kiganjani mwake mwenyewe, yakamchoma, akatazama, akarudisha jani moja sufuriani. Akatazama tena, akalitoa, akaliweka pamoja na mengine. Maji ya mboga yakamchuruzika mpaka kiwikoni.

"Nipe," Kahaso akasema. Alinyoosha mkono wa kushoto, ule wenye vidole viwili vilivyojikunja, akaona hautashika vizuri, akaurudisha. Mkono wa kulia ulikuwa huru juu ya mkeka, lakini hakuunyoosha. Alimtazama mumewe, akafungua mdomo, akangoja.

Munga akamtilia tonge la kwanza. Akamwona akitafuna, akameza. Hakuna kilichotokea. Akamtilia la pili, na la tatu, mpaka kiganja kikawa kitupu, akakaa akimtazama usoni, upande huu na upande ule, mchana kutwa, bila kwenda kazini. Na kesho, saa kama hiyo, itambidi amlishe tena.